Mtandao usio na chifu unahesabiwaje?

Mwaka 1984 nchi ya Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ilihesabu wakaaji wake wote. Walioandikwa walikuwa karibu milioni 30. Tangu mwaka ule mpaka leo hakujafanyika tena hesabu ya watu wote nchini. Mtu aliyezaliwa Kakanda, Likasi ao Kolwezi mwaka 1985 ameshakuwa mzee wa jamaa, ana watoto na pengine wajukuu, lakini hajawahi kuona mtu akigonga mlango wake kwa ajili ya hesabu ya taifa.

Mwaka huohuo wa 1984, mbali sana, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, fundi mmoja jina lake Tom Jennings aliunganisha kompyuta yake na ya rafiki yake John Madill aliyekaa Baltimore, upande wa pili wa nchi. Walitumia simu ya kawaida. Mtandao huo waliuita FidoNet. Wenzao walipoanza kujiunga, kila kompyuta mpya iliandikwa kwenye orodha moja, ikapewa namba, na orodha ile ikatolewa upya kila wiki. Kwa hiyo kulikuwa na mashine zilizohesabiwa kila wiki, wakati watu wa nchi nzima wanapitisha zaidi ya miaka 40 bila kuhesabiwa.

Habari hii inahusu mashine hizo na namna zilivyohesabiwa. Inawahusu pia wasikilizaji wa Kakanda na familia zilizohamishwa na vita, kwa sababu matatizo ya kuhesabu mtandao usio na mkubwa ni yaleyale ya kuhesabu watu waliotawanyika. Kila mara swali ni moja: nani anaonekana kwenye orodha, na nani anaachwa nje?

Seva ni nini, na mtandao usio na chifu ni upi

Seva ni kompyuta inayotunza ujumbe wa watu na kuupeleka kwa wengine. Mtu anapotuma sauti ao picha kwenye kundi la WhatsApp, ujumbe hauruki moja kwa moja kutoka simu yake mpaka simu ya dada yake Lubumbashi. Unapita kwanza kwenye seva. Seva zote za WhatsApp ni za kampuni moja, Meta. Wanakundi wanaweza kudhani kwamba kundi lao halina mkubwa, ama kwamba mkubwa ni yule anayeongeza na kuondoa watu. Lakini mwenye nyumba yupo, na yeye anajua idadi ya wapangaji wake bila kumwuliza mtu.

Mtandao usio na chifu ni kitu kingine. Huko, kila seva ina mwenyewe. Moja iko chuoni, nyingine ofisini, nyingine chumbani kwa fundi. Zinakubaliana tu lugha ya kuongea na kupashana habari. Ni sawa na zile radio za foni ambazo wamisionari, wafanyabiashara na wauguzi walizitumia vijijini: kila aliye na mashine na betri aliweza kuingia hewani, kusikia wenzake na kupitisha salamu mbele. Hakukuwa na ofisi moja inayojua ni foni ngapi zinafanya kazi usiku huo.

Hapo ndipo ugumu wa hesabu unapoanza. Kama hakuna mwenye nyumba, nani ahesabu vyumba?

Usenet: majina kama stesheni za treni

Mtandao mkubwa wa kwanza wa mazungumzo wa aina hii ulianza mwaka 1979. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, waliuwaza, na Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina akaandika programu ya kwanza. Uliitwa Usenet. Usiku, gharama ya simu iliposhuka, kompyuta moja ilipigia nyingine na kuipa maandishi mapya. Ile nayo ilipigia ya tatu. Asubuhi, watu wa miji mbalimbali walisoma maneno yaleyale na kujibizana.

Mwaka 1979 mashine zilikuwa 3. Mwaka 1980 zilikuwa 15, na mwaka 1981 zilikuwa 150. Mwaka 1985 zilikadiriwa kuwa 1,300, na mwaka 1988 zikafika 11,000. Hakuna hata moja iliyoomba ruhusa ya ofisi fulani. Mtu alitafuta jirani aliyekubali kumpigia simu, basi, ameingia.

Idadi hizo zilipatikanaje? Kulikuwa na njia tatu, na kila moja ilikuwa na tundu lake.

Njia ya kwanza ilikuwa ramani. Kila msimamizi wa mashine aliombwa aandike maelezo yake: jina la mashine, mahali ilipo, namba ya simu, na majirani anaoongea nao. Maelezo hayo yalikusanywa na kusambazwa ndani ya mtandao wenyewe. Fundi aliyeyapata aliweza kujua ujumbe upite wapi ili ufike haraka. Ramani ilifaa sana, lakini ilitegemea hiari. Msimamizi mvivu hakuandika. Mwingine aliandika mwaka mmoja, akafunga mashine mwaka uliofuata, na jina lake likabaki pale kama kibao cha duka lililofungwa zamani.

Njia ya pili ilikuwa kufuata nyayo. Kila ujumbe wa Usenet ulibeba mstari wenye majina ya mashine zote ulizopitia, yakitenganishwa na alama ya mshangao. Msafiri wa treni kutoka Lubumbashi anaweza kutaja Likasi, kisha Tenke, na mtu akimsikia atajua kwamba stesheni hizo zipo na kwamba Tenke ndipo reli inapogawanyika, upande mmoja Kolwezi, upande mwingine Kamina. Vivyo hivyo, aliyekusanya mistari ya ujumbe elfu nyingi aliweza kuchora mtandao na kuona ni mashine zipi zinabeba mzigo mkubwa. Lakini nyayo zinaonyesha tu aliyetembea. Mashine ambayo watu wake walisoma bila kuandika chochote haikuonekana kabisa. Ilikuwa kama msikilizaji anayefuata habari kila jioni kwa miaka kumi na hajapiga simu studio hata siku moja.

Njia ya tatu ilitoka moja kwa moja kwenye dunia ya radio. Mnamo 1986 mtafiti Brian Reid, aliyefanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya DEC huko California, alisambaza programu ndogo iliyoitwa arbitron. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa kupima wasikilizaji wa radio. Msimamizi aliyekubali kuitumia aliiacha ihesabu ni watu wangapi kwenye mashine yake wanasoma, na wanasoma mazungumzo gani. Majibu yalitumwa kwa Reid, naye akayatoa kila mwezi. Mashine zilizojibu zilikuwa mia chache tu, kisha zikapigiwa hesabu kukadiria mtandao wote. Waliosoma ripoti walipaswa kukumbuka kwamba msimamizi anayekubali kuhesabiwa si lazima afanane na anayekataa.

Anayejua kazi ya radio anajua tundu hilo. Ukiwauliza wasikilizaji wa mjini wenye simu, utapata picha ya mjini. Radio moja inayowekwa chini ya mwembe na kusikilizwa na watu ishirini itaandikwa kama radio moja.

FidoNet na Afrika: mashine moja, watu mamia

FidoNet ilichagua njia ya orodha, na orodha yake ilikuwa na nidhamu kuliko ramani ya Usenet. Dunia iligawanywa kanda 6. Amerika ya Kaskazini ilikuwa kanda ya 1, Ulaya ya 2, na Afrika ikapewa namba 5. Kila mashine ilitakiwa iwe macho kwa saa moja maalumu kila siku ili wengine waweze kuipigia. Mashine isiyojibu iliandikwa kwamba imeanguka, na ikiendelea kunyamaza iliondolewa. Katikati ya miaka ya 1990 orodha ilikuwa na mashine zaidi ya 30,000 duniani.

Lakini kanda namba 5 ilikuwa na majina machache sana ukilinganisha na Ulaya ao Amerika. Aliyesoma orodha ile huko ng'ambo angeweza kusema kwamba Waafrika hawamo. Ukweli ulikuwa mwingine. Mjini Nairobi, kituo cha mazingira kilichoitwa ELCI kiliendesha mashine ya FidoNet mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashirika mengi ya kiraia yalipitisha barua zao hapo. Harare kulikuwa na MANGO, iliyohudumia mashirika ya Zimbabwe. Barua hizo zilipita London, kwenye kituo cha GreenNet, ambapo Karen Banks alisimamia mlango wa kuunganisha mashine hizo za Afrika na mitandao mingine ya dunia. Katika Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, mashine iliyoitwa Mukla ilihudumia walimu na wengi wa nje ya chuo. Mradi wa ESANET ulilenga kuunganisha vyuo vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa njia hiyohiyo ya simu na modemu.

Waganga nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la daktari Bernard Lown. Programu za FidoNet zilitumika kubeba barua, na mahali ambapo laini ya simu haikuaminika, setilaiti ndogo ilipita angani mara chache kwa siku, ikachukua barua na kuacha nyingine. Vituo vilikuwepo Zambia, Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji.

Kwenye orodha, kila kituo kilikuwa mstari mmoja. Nyuma ya mstari huo kulikuwa na mwuguzi aliyeleta swali lake kwenye karatasi, karani aliyelichapa, na daktari wa nchi nyingine aliyejibu. Nchini Ulaya, mstari mmoja ungeweza kuwa kijana mmoja na kompyuta yake chumbani. Hesabu ya mashine iliwaweka sawa, lakini uzito wao haukuwa sawa hata kidogo.

Na kanuni ya kujibu kwa saa maalumu, ambayo ilionekana ya haki kwa wote, haikuwa na uzito mmoja kila mahali. Penye umeme wa saa 24 ni jambo jepesi. Penye umeme unaokatika na laini ya simu inayokufa mvua ikinyesha, mashine nzima na hai ingeweza kuhesabiwa kama imekufa.

Mtu aliyejaribu kurekebisha jambo hilo alikuwa Mike Jensen, mtaalamu aliyekuwa na makao Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 1990 alizungukia habari za kila nchi ya Afrika na kuandika nani ameungwa na namna gani. Kwa hesabu yake, mwishoni mwa 1996 ni nchi 11 tu za Afrika zilizokuwa na intaneti. Kufikia mwisho wa 2000 zote zilikuwa nayo. Jensen hakuishia kwenye idadi ya mikataba na mashine. Alieleza kwamba katika Afrika kompyuta moja iliyoungwa inatumiwa na watu watatu ao zaidi, akazidisha hesabu yake kwa kiasi hicho na kusema wazi kwamba amezidisha. Kusema wazi ndiko kulikofanya hesabu yake iaminike, kwa sababu msomaji aliweza kuipinga.

Milango ilipoanza kufungwa

Wakati huo huko Marekani, Mark Lottor alikuwa akihesabu intaneti nzima. Intaneti ina kitabu chake cha majina, na kitabu hicho kimegawanywa: kila taasisi inatunza kurasa zake. Lottor aliandika programu iliyokwenda kwa kila taasisi na kuomba ukurasa wake wote, kisha ikahesabu. Mwaka 1992 alitoa jedwali linaloanza na mashine 213 za Agosti 1981. Oktoba 1984 zilikuwa 1,024. Januari 1992 zilikuwa 727,000, na mwaka mmoja baadaye zikapita milioni moja.

Njia hiyo ilikwenda vizuri kwa sababu watu waliacha milango wazi. Hawakuona hatari ya kumwonyesha mgeni orodha ya mashine zao. Kadiri miaka ilivyopita, wezi wa mtandaoni waliongezeka, na taasisi zikaanza kukataa. Mwaka 1998 ilibidi hesabu ile ibadilishe njia, ipite anuani moja baada ya nyingine badala ya kuomba kurasa. Idadi za kabla na za baada hazikuweza tena kuwekwa kwenye mstari mmoja bila maelezo.

Familia zilizohamishwa zinaelewa mlango uliofungwa. Mtu aliyekimbia watu wenye silaha hatataja kwa haraka jina lake, kijiji alichotoka na idadi ya vijana walio nyumbani mwake, eti kwa sababu mgeni ana karatasi. Kukataa kuhesabiwa si ujinga. Mara nyingi ni kujilinda.

Zaire inapotea, Kongo inatokea

Kuna hesabu nyingine ambayo nchi hii ilipata kwa namna yake peke yake. Kila nchi ina herufi mbili za mwisho kwenye anuani za intaneti. Zaire ilikuwa na .zr. Tarehe 17 Mei 1997 utawala ulibadilika na jina la nchi likabadilika. Mwaka huohuo herufi mpya, .cd, zikatolewa, na mwaka 2001 zile za .zr zikafutwa kabisa.

Aliyepima intaneti kwa kuhesabu majina ya nchi aliona jambo la ajabu: nchi moja inapungua mpaka sifuri, nyingine inazaliwa. Kumbe mashine, mafundi na wateja walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Isitoshe, tovuti nyingi za Wakongo hazitumii .cd wala hazikai Kongo. Radio ya mji wa Katanga inaweza kuwa na wasikilizaji wote hapa, na maandishi yake yakawa kwenye seva ya kukodi Ulaya ao Marekani. Katika hesabu ya seva kwa nchi, radio hiyo ni mali ya ng'ambo. Hata barabara zilikuwa za ng'ambo: kwa muda mrefu ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Kinshasa kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Kinshasa ulizunguka Ulaya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2012 kampuni za intaneti zilifungua Kinshasa kituo cha kubadilishana ujumbe, KINIX. Baadaye Lubumbashi na Goma nazo zikapata vituo vya aina hiyo.

Tena kuna siku ambazo hesabu ya seva haisaidii kitu, kwa sababu barabara yenyewe imefungwa. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulikatwa nchini kwa wiki kadhaa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, intaneti ilikatwa, na ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Seva zote zilizohesabiwa wiki ya nyuma zilikuwa bado zinawaka. Lakini mama wa Likasi aliyetaka kujua kama mtoto wake wa Beni ni mzima hakupata jibu kupitia hata moja.

Mastodon na Lemmy: hesabu mpya, makosa ya zamani

Mitandao isiyo na chifu imerudi kwa nguvu miaka hii. Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa programu ya Mastodon. Mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, akawa na mji wake mdogo wa mazungumzo, na mji huo ukaongea na mingine. Lemmy ni ndugu yake, iliyotengenezwa kwa mijadala ya makundi.

Elon Musk aliponunua Twitter mwishoni mwa Oktoba 2022, wengi walihama. Kwa maelezo ya Rochko, watu waliotumia Mastodon kwa mwezi walitoka karibu 300,000 na kufika milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba. Baadaye wengi walirudi walikotoka.

Seva hizi zinahesabiwa kwa njia inayofanana na ile ya nyayo. Kila seva ina ukurasa mdogo unaosema inatumia programu gani na ina watu wangapi. Programu ya kuhesabu inaanza na seva moja, inaiuliza inafahamu majirani gani, inakwenda kwa majirani, inawauliza vilevile, mpaka majina mapya yaishe. Ni kazi ya mtu anayeingia kijiji kigeni na kumwuliza kila mwenyeji, "Baada yako anakaa nani?"

Matatizo nayo ni yaleyale. La kwanza ni njia kukatika. Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba hesabu rasmi ya Mastodon ilikuwa imepungukiwa na watu zaidi ya 400,000 wanaotumia mtandao kila mwezi. Watu hao hawakuwa wameondoka. Mashine ya kuhesabu ilikuwa imepata hitilafu ya mawasiliano na kushindwa kufikia sehemu ya seva, nazo zikaonekana kama hazipo. Ni sawa na karani anayefika mtoni, anakuta daraja limebebwa na maji, anarudi na kuandika sifuri kwa vijiji vya ng'ambo ya mto.

La pili ni majina ya hewa. Juni 2023, watu wengi wa mtandao wa Reddit walipokasirika na kutafuta pa kwenda, Lemmy ilipata wageni wengi wa kweli. Lakini pamoja nao ziliingia akaunti nyingi mno zilizotengenezwa na programu, kwenye seva zilizoacha mlango wazi bila ulinzi. Hesabu ya waliojiandikisha ikapanda kama moto wa nyasi. Waangalizi wakaacha kuitazama, wakatazama waliozungumza kweli katika mwezi. Kongo inaijua hali hiyo kwa jina la wafanyakazi fiktifu, wanaopokea mshahara kwenye karatasi na hawana uso.

La tatu ni kibao cha mlangoni. Julai 2023 nchi ya Mali ilirudisha mikononi mwake herufi zake .ml, ambazo kwa miaka mingi kampuni ya kigeni ilizigawa bure. Seva kadhaa za mazungumzo zilizojiita kwa herufi hizo zilipoteza anuani ghafla. Mashine zilikuwa nzima, watu walikuwepo, lakini hakuna aliyejua pa kubisha.

La nne ndilo gumu zaidi: nani ni wa mtandao? Mwaka 2019 Gab, mtandao wa Marekani ulioshutumiwa kwa chuki, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Kwa idadi ya majina ukawa mkubwa kuliko wengine wote, lakini seva nyingi zilikataa kuongea nao. Mtandao wa Truth Social nao ulijengwa juu ya programu hiyohiyo bila kuunganishwa na wengine. Je, wahesabiwe? Hakuna mashine inayoweza kujibu. Ni watu wanaokaa na kuamua, kisha uamuzi wao unafichwa ndani ya namba inayoonekana safi.

Kutoka seva mpaka familia

Oktoba 2023 shirika la kimataifa la uhamiaji, OIM, lilitangaza kwamba watu milioni 6.9 wamehamishwa ndani ya Kongo. Kazi ya namna hiyo inategemea sana kuwauliza watu wanaojua kila mahali: machifu, viongozi wa makanisa, wauguzi, mashefu wa kartie. Ni hesabu ya majirani, na inastahili heshima kwa sababu bila hiyo hakuna mahema, dawa wala unga. Lakini ina matundu yaleyale manne.

Wengi wa waliohamishwa hawakai kambini. Wanakaa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mtu wa kijiji kimoja. Nyumba moja inaandikwa kama nyumba moja, kumbe ina jamaa tatu na sufuria moja. Wengine wamehama mara ya pili na ya tatu, wakahesabiwa mahali pa kwanza na kusahauliwa pa mwisho. Familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993, ambazo maelfu yao walilala kwenye stesheni wakingojea treni, na zile zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono miaka ya baadaye, zinajua kwamba siku jina linapofutwa kwenye orodha si siku ambayo shida inakwisha.

Katika miaka yote hii wapimaji wa mtandao wamejifunza desturi chache ambazo wakaaji wanaweza kuzidai bila kusoma kompyuta. Mtu akija na namba, aulizwe ilihesabiwa siku gani. Aulizwe nani aliulizwa, na nani hakufikiwa. Aulizwe kama ni mashine ao watu, nyumba ao vichwa, walioandikwa ao walioonekana. Aulizwe jina litatunzwa wapi na nani ataweza kulisoma. Na kama alizidisha ili kukadiria, aseme alizidisha kwa ngapi, kama Jensen alivyosema.

Upande wa familia pia kuna kazi. Anayehama aache habari zake kwa zaidi ya mtu mmoja: kanisani ao msikitini, kwa mwalimu, kwa jamaa wa mji mwingine, na kwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wanaopeleka barua za watu waliopoteana. Namba ya simu ya ndugu iandikwe kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwa kuwa simu inaibiwa na laini inafungwa. Ujumbe wa Usenet ulifika kwa sababu kila mashine ilikuwa na majirani kadhaa. Mmoja alipozimika usiku, mwingine alipiga simu.